Nafula wa Kiangazi

Majuzi nilishuka Kambi Muru kuchukua nguo kwa fundi, nikasikia mwanamke akiita, "Nafula! Kam hapa!" Niligeuka mbio. Kumbe anaita katoto kake. Jina hilo, rafiki yangu, liliwahi kuninyima raha.

Kwetu Magharibi msichana huweza kuitwa kwa msimu aliozaliwa. Nafula ni wa mvua, Nasimiyu wa kiangazi. Basi siku moja nikiwa mdogo, jirani yetu, ambaye hakuwa wa kwetu ila misimu yetu aliijua, alimwuliza mama huku akikatakata mboga ya sukuma, "Huyu si ni wa Januari? Mbona Nafula?" Mama akacheka kidogo, akakimbilia kugeuza chapati ambayo haikuwa imeiva hata upande mmoja.

Nikajua nimeokotwa. Yupo Nafula wa mvua mahali fulani, na mimi nimevalishwa jina lake. Tangu hapo nikawa askari wa nyumba. Mama akifua, nalinganisha vidole vyangu na vyake. Akinigawia kipande kidogo cha nyama, naguna: si unaona? Niliogopa hata kuuliza, asije akanirudisha nilikotoka.

Nyanya, mama yake mama, alipokuja kutoka ushago, kule kijijini, nilimbana aniambie jina langu lilitoka wapi. Akasema, "Ulilia siku tatu. Nikakuitia majina ya wafu wetu, moja moja. Kufika kwa Nafula, dada ya mama yako, ukanyamaza. Yeye ndiye alikuchagua." Nikamtazama mama. Alikuwa ameinamia sufuria ya ugali, mabega yanamtikisika.

Nyanya alipotoka nje, nikamkabili mama. "Mathe, unacheka nini?"

"Usimwambie," akanong'ona. "Nilingoja afike kwa jina la dadangu, ndio nikakupea titi. Alinilea huyo. Sikutaka lingine."

Nilimkumbatia na unga wake wote. Mtu hadanganyi wafu kwa ajili ya mtoto wa kuokotwa.

Sasa mama na nyanya wote wawili wametutoka, na majina yale ya wafu yalikuwa kichwani mwa nyanya tu, hakuna aliyeyaandika. Binti yangu alipozaliwa hapa Kawangware, akilia hadi wapangaji wenzangu wakagonga ukuta, nilikuwa na jina moja moyoni la kuita, la mama. Titi sikumpa kwanza. Nilitaka kuhakikisha ni jina litakalomnyamazisha, si maziwa.

Aliendelea kulia. Nikampa jina hilo hivyo hivyo.