Bibi wa Fundi Rukia na Swali Lake

Nilikwenda Kang'ata kwa sababu ya gauni. Fundi Rukia, anayenishonea nguo hapa Korogwe, alinipima, na kabla hajakata kitambaa akaniuliza kama nitalivaa kwenye harusi ya kaka yake. Nikasema nitalivaa. Miaka yote aliyonishonea nilikuwa namwita "fundi Msomali", kama mtaa mzima unavyomwita, maana wazazi wake walikuja Handeni wakikimbia vita vya Somalia. Hakuwahi kunisahihisha.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, tulipanda gari la Handeni. Rukia alipakata ndoo ya nyanya na karoti za Mombo, akiilinda kuliko pochi yake. Tuliacha mashamba ya mkonge, vikaanza vichaka na mahindi. Huko ndiko nilikokulia. Bibi mzaa mama alinilea Kwaluguru mpaka nilipokwenda bweni. Alinisemesha Kizigua, mimi nikamjibu Kiswahili, na tulielewana vizuri tu. Alipofariki, sikusemeshwa tena.

Handeni mjini, saa nne, tulikunywa chai tukisubiri bodaboda. "Mwalimu," Rukia akasema, "bibi yangu atakuuliza ukoo. Anamuuliza kila mtu wa huku."

Akanieleza jambo ambalo kwa aibu yangu sikuwahi kumuuliza. Wazee wao walikuwa Wazigua wa hukuhuku, wakachukuliwa utumwani hadi Somalia. Huko walilima kando ya mto vizazi na vizazi, na hawakuacha Kizigua wala majina ya koo.

"Bibi anataka apate mtu mmoja wa ukoo wa mama yake kabla hajafa. Mpaka leo hajapata."

Saa sita tulifika, vumbi mpaka kwenye nyusi. Chini ya turubai pilau ilikuwa imeshafunikwa. Wanawake walinipokea mkoba, wakanipa maji ya kunawa na chai ya iliki, na mmoja akanifunga khanga ya sare juu ya gauni langu jipya. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Swali hilo aliachiwa bibi.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mwembamba, macho makali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akanisemesha Kizigua, na nikaelewa kabla sijatambua ni lugha gani. Kilikuwa Kizigua cha jikoni kwetu, chenye maneno ambayo sikuyasikia tangu tulipomzika bibi yangu. Nikamjibu kwa Kiswahili, kama zamani.

Aliniuliza ukoo wa mama yangu. Nimefundisha historia miaka thelathini, nimewakaririsha watoto wa watu majina ya wafalme, na ukoo wangu mwenyewe sikuujua.

"Sijui, bibi."

Akanishika kiganja, akanitajia jina la ukoo wake. Silitaji hapa, maana alinipa mimi. Akauliza kama si huo. Rukia akaniinamia sikioni: "Mwambie ndiyo, mwalimu. Leo ni furaha."

Ndiyo ilishafika mdomoni. Lakini ule mkono ulikuwa umenikamata sana, nikashindwa. Nikampigia simu mama mkubwa, dada yake mama yangu, anayeishi Mombo. Aliutaja ukoo wetu papo hapo, akashangaa kwa nini nauliza leo, na mvi zimeshanijaa.

"Siyo, bibi," nikasema. "Sisi ni wengine."

Aliniachia mkono. "Haya. Huyo anayejua kwao, nipe nizungumze naye."

Wakazungumza. Bibi harusi akaletwa, vigelegele vikapigwa, bibi bado ameziba sikio moja. Alicheka, akauliza, akarudia kuuliza, kisha akafuta machozi kwa upindo wa khanga. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nilimkumbuka bibi yangu mno. Niliporudi, bibi yake Rukia alinikabidhi simu. "Nimeambiwa nisubiri," akasema, akaomba sahani ya pilau.

Jumapili alasiri nilipitiliza Korogwe hadi Mombo. Njia nzima nilikuwa nikirudiarudia jina la ukoo wetu, nisije nikalipoteza tena. Nimeshawatumia wanangu wote.

Mama mkubwa alikuwa kizingitini.

"Yule mama anasema kama marehemu bibi yako," akaniambia. "Mengine mimi mwenyewe nilishayasahau. Na watu wa ukoo wake, mbona wapo? Mama Saidi wa nyumba hii ya pili ni wa ukoo huo. Tulihama naye Kwaluguru. Ungemdanganya yule mama, asingeomba simu. Ulimpatia wapi?"

"Ni bibi yake yule fundi Msomali," nikasema, mazoea yakinitangulia.

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akageukia uani na kuita kwa sauti: "Mama Saidi, funga mzigo. Ndugu yako amepatikana Kang'ata. Hawa watoto wetu wanamwita Msomali."