Siku Nilipomwongezea Habakuki Mlango wa Nne

Nikianza kusema habari hii masikio yangu yanapata moto, hata leo, na ninyi rafiki zangu mkicheka chekeni polepole, kwa sababu mama mwenyewe wa habari hii anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa na sauti zenu zinavuka ukuta. Ndiyo, ni mimi. Mimi Albertine ndiye niliyemwongezea nabii Habakuki mlango mzima ambao yeye hakuuandika, mbele za watu, kando ya mto Lualaba, nikiwa nimevaa kikwembe kipya. Wakati ule mtaa wetu mzima wa Mikelenge, hapa Kindu, walikuwa wananiita Mama Biblia (na nilikuwa naitika, tena kwa furaha, hiyo njo aibu ya kwanza).

Jina hilo lilitoka msituni. Wakati wa vita, nikiwa msichana wa miaka kumi na tano hivi, tulikimbia Kindu tukaenda kukaa mbali, njia ya kwenda Pangi, kwenye shamba la zamani la babu ambalo msitu ulikuwa umekwisha kuanza kulimeza. Tulikuwa watu tisa na Biblia moja. Chumvi hakuna, sabuni hakuna, sombe, majani ya muhogo, tunakula bila mawese, na mchana ulikuwa mrefu, mrefu sana, mwanga unashuka katikati ya majani ukiwa kijani, unaona kama unakaa chini ya maji, na risasi za mbali zinasikika kama mtu anapasua kuni katika ndoto ya mtu mwingine. Basi nikawa nasoma. Nilisoma kwa sauti, asubuhi na saa tisa, miezi na miezi, mpaka maneno yakawa yananijia yenyewe hata kitabu kikiwa kimefungwa.

Shida ilikuwa baba mudogo Ferdinand, mdogo wake baba yangu, ambaye alivuta tumbako, na karatasi msituni mnajua haioti. Aliomba ruhusa kwa Mungu kwanza (nilimsikia kabisa, alipiga magoti), kisha akachana ukurasa wa mwisho wa Biblia, akaukunja na tumbako yake ndani.

"Albertine," aliniambia, "ya mwanzo mimi siwezi kugusa, ile ni Torati. Lakini uku nyuma, ukimbie kufika mwisho, unaenda kufanya nini?"

Siku tuliyotoka msituni, Biblia yetu ilikuwa inaishia Waebrania, katikati ya sentensi.

Mtafikiri kwamba vita vilipokwisha nilitafuta Biblia nzima nikasoma zile kurasa baba mudogo alizovuta. Sikusoma. Nilipata mpya, ikalala kabatini, na ile ya zamani njo niliyotembea nayo, imefungwa katika kitambaa cheupe, watu wakiiona wananipisha njia. Mtu akiniuliza swali la Ufunuo nilimwambia, "Hayo ni mazito, umupelekee pasta," nao waliona ni unyenyekevu. Mume wangu Amisi peke yake ndiye aliyekuwa anaguna.

Sasa, pale kanisani kwetu kila siku ya Mungu, Jumapili, ibada ikiisha, kulikuwa na saa ya maswali. Mtu yeyote anauliza, mimi najibu kwa Biblia, mlango na mustari. Je, mtu anaweza kubatizwa mara mbili? Je, aliyekufa kabla ya kusikia Injili atahukumiwa namna gani? Je, nikialikwa na jirani Mwislamu kwenye sikukuu yake nile ao nisile? Hata Waislamu walikuja, hasa Mzee Saidi aliyeendesha mtumbwi wa kuvusha watu kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto, alikuwa anakaa karibu na mlango, kofia juu ya goti, anasikiliza tu, anasema sauti yangu inamlaza vizuri.

Siku ile joto lilikuwa kali, bati linalia juu, mvua iko mbali inanguruma bila kuja, na mimi nilikuwa nimejibu maswali sita bila kufungua kitabu, nimejaa kama mtungi. Nikasema, kuna swali lingine? Akasimama Mama Feza.

Mama Feza alikuwa anauza samaki wa moshi sokoni, anakaa benchi la mwisho, miaka yote hajauliza kitu. Sote tulijua habari yake. Mume wake Ramazani (alikuwa mwana-kanisa, kwetu jina halisemi dini ya mtu) alikuwa anavusha watu wakati wa vita ili wapate chakula ng'ambo, na siku moja mtumbwi ulionekana chini kwenye majani, mtupu. Yeye hakuonekana.

"Mama Biblia," alisema, "mimi niko na neno moja tu. Muntu mwenye maji ilimubeba, hana kaburi, hana hata mufupa moja mwenye tulizika, siku ya ufufuo Mungu atamutafuta wapi?"

Vichwa vyote vikanigeukia, na mimi nikatafuta ndani yangu, nikapita Mwanzo, nikapita Zaburi, nikapita manabii, nikafika Waebrania, na hapo njia ikakatika. Ningesema sijui. Ni neno moja, halina uzito. Lakini nilifunga macho, na ule mwanga wa kijani wa msituni ukarudi, nikaona kama naelea, na kutoka mahali nisipopajua sentensi ikaja nzima, imevaa vizuri, ikatoka kinywani mwangu kabla sijaiuliza inatoka wapi:

"Na mito itafungua mikono yake, na kila jina lililoanguka majini litaitwa asubuhi."

Watu walivuta pumzi. Mimi mwenyewe nilivuta pumzi! Kwa dakika moja niliamini kabisa kwamba niliisoma mahali.

"Ni wapi hapo, mama?" aliuliza Sifa, kiongozi wa korali, kalamu mkononi. "Tuandike."

"Habakuki," nikasema (kwa sababu nani anasoma Habakuki?), "mulango wa ine, mustari wa saba."

Mama Feza alirudia maneno yale polepole, midomo inatembea bila sauti, kisha akatabasamu, na mimi nikatambua kwamba sikuwa nimewahi kuona meno yake.

Jumatatu asubuhi nilifungua kabati, nikatoa Biblia mpya. Mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, na nikigeuza ukurasa ninamkuta Sefania. Nikarudi nyuma. Nikalowesha kidole, nikidhani labda kurasa zimeshikana. Amisi alikuwa anafunga mnyororo wa baiskeli yake mlangoni.

"Unatafuta nini?"

"Mulango."

Aliuacha mnyororo. "Enda umwambie leo," akasema. "Leo ni muntu moja. Ukingojea, itakuwa mutaa muzima."

Nilikwenda, nawaambia ukweli. Mara ya kwanza nilifika mlangoni kwa Mama Feza nikamsikia anaimba, kwa sababu Sifa na korali yake walikuwa wamekwisha kuutungia ule mustari wimbo wa sauti ine, nikarudi. Mara ya pili aliniona, akakimbia kunipa samaki wawili katika jani, "ni ya lile neno, mama, usikatae," na akaniambia kwamba atafanya matanga. Miaka yote hakufanya, utamlilia vipi mtu usiyemwona amelala? Lakini sasa anajua Ramazani ataitwa, kwa hiyo atamlilia na kumaliza, Jumamosi asubuhi, kando ya mto, na ameshatuma habari kwa ndugu mpaka Obokote. Nikasema asante kwa samaki. (Niliwala. Walikuwa watamu, na kila mfupa ulinikwama.) Nikipita kwa seremala nikakuta anaandika msalaba kwa chuma cha moto: RAMAZANI. HABAKUKI 4:7. Moshi wa ubao ulinifuata mpaka nyumbani.

Jumamosi ikafika na ukungu. Lualaba yote ilikuwa imefunikwa, ng'ambo haionekani, watu wanashuka kwenye ukingo mmoja mmoja, nusu ya chini imefutwa, unaona kama vikwembe vinaelea vyenyewe, na mimi nilipokuwa nakaa mbele niliona yote kama ni ndoto ambayo nitaamka kabla haijaharibika. Nilikuwa nimeshika Biblia yangu ya zamani katika kitambaa chake. Kisha familia ikamsimamisha mgeni, pasta mzee kutoka Pangi, ndugu ya Ramazani, miwani yake imefungwa kwa uzi, wakamwomba asome ule mustari.

Akafungua. Akageuza. Akarudi. Akageuza tena. Maji yanasikika yakilamba mawe. Watu wenye Biblia nao wakaanza kutafuta, na karatasi zote zile, ninyi, zilifanya sauti kama kuku wengi wanakwaruza.

"Habakuki," akasema pasta bila hasira, "iko na milango tatu."

Hapo ndipo ningelala chini nikaomba musamaha. Badala yake nilisimama! Nikasema, kwa sauti yangu ya kanisani, "Pasta, labda yenu ni tafsiri ingine."

"Inawezekana," akajibu mzee yule, muungwana kabisa. "Basi tupe ya kwako, mama."

Mikono yangu ilimpelekea yenyewe. Alifungua kitambaa, akaangalia Habakuki, akahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, kisha (sijui shetani gani alimsukuma) akaacha kurasa ziteleze mpaka nyuma, mpaka pale palipochanwa. Akaiinua juu, watu wote wakaona.

"Mama," akasema, "Biblia yako haina mwisho."

Na korali, ambao walikuwa nyuma katika ukungu na walisikia tu kwamba pasta amenyamaza, wakafikiri ndiyo ishara. Wakaanza. Sauti ine, na ngoma. *Mito itafungua, itafungua mikono yake!* Walifika kiitikio mara mbili kabla Sifa hajaona uso wangu.

Basi nikasema yote. Nilisema msitu, nilisema tumbako, nilisema kwamba Ufunuo wa Yohana ulitoka katika pua ya baba mudogo Ferdinand, na hapo watu walianguka kwa kicheko, wengine wanashikana mabega, miwani ya pasta ikakatika uzi. Hata mimi nusura nicheke kwa jinsi nilivyotamani kufa. Nikaona Mama Feza peke yake hacheki. Amesimama karibu na msalaba, mkono mmoja juu yake, kama unavyomshika mtu begani.

"Kwa hiyo," aliuliza, "jina la Ramazani haitaitwa?"

Kicheko kilikatika. Wale wote walionicheka hawakuniumiza. Swali lile ndilo lililoniumiza, kwa sababu nilikuwa nimempa kitu, na sasa nilikuwa ninamnyang'anya mbele ya ndugu zake.

Pasta alishika miwani yake kwa mkono, akafungua Biblia yake mwenyewe mahali pa mwisho kabisa, Ufunuo, mlango wa makumi mbili, akatusomea polepole jinsi bahari itakavyowatoa wafu walio ndani yake siku ile ya hukumu. Mama Feza alisikiliza mpaka neno la mwisho.

"Hiyo ni bahari," akasema. "Wangu alianguka hapa."

Pasta akafunga kitabu. Watu wakanitazama tena mimi, kwa mazoea tu, na nikasema, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, "Sijui, mama."

Ni Mzee Saidi aliyetoka nyuma, kofia mkononi. Yeye na Ramazani walishika kasia katika mtumbwi mmoja.

"Mama Feza, maji hii haisimamake hapa," alisema. "Inashuka Ubundu, inapita Kisangani, inapita Kinshasa, inaenda kuingia mu bahari. Mimi si muntu wa kitabu yenu. Lakini maji ninaijua."

Mama Feza akageuka kuuangalia mto. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na maji yalionekana yakienda, mapana, bila haraka, yakibeba majani yake.

"Basi alishafika," akasema.

Halafu akalia. Alilia kile kilio alichojinyima miaka yote, na wanawake wakakipokea, na mimi nikakipokea, nikiwa nimekaa chini kwenye matope na kikwembe changu kipya. Msalaba waliupanda palepale, seremala akaugeuza ili maandishi yaangalie mto.

Baada ya hapo Mama Feza hakunisalimia kwa majuma matatu. Juma la ine nilikwenda mwenyewe uani kwake, alikuwa anageuza samaki juu ya moshi, hakuinua kichwa.

"Bibilia muzima uko nayo?"

"Niko nayo, mama."

"Kaa. Soma zile baba yako mudogo alivuta."

Nikasoma. Kila siku saa tisa nilikuwa pale, macho yanatoka machozi kwa moshi, nasoma Waebrania nilipoachia, Yakobo, Petro, nikienda hivyo mpaka Ufunuo wenyewe. Yeye hajui kusoma. Lakini nikifika mahali pazuri, mahali panapogusa, ananisimamisha: "Weka kidole." Naweka. Anakuja, ananishika kiganja kwa mkono wake wenye mafuta ya samaki, anainama kuangalia kama kweli chini ya kidole changu kuna maandishi, kisha anarudi kwa samaki wake. "Endelea."

Njo maana leo mkiniuliza habari ya Mungu mtanisikia nasema sijui, ngoja tutafute, na wengine mnaona nimezeeka. Nimeapa moyoni, na kiapo hiki sitakiongezea mlango: neno lisilo na mahali pa kuweka kidole halitatoka tena kinywani mwangu likijiita Biblia, hata likiwa zuri namna gani. Na lile lilikuwa zuri, jamani. Mpaka leo korali wanaliimba kwa siri wakifikiri sisikii, na mguu wangu unataka kucheza, naukanyaga kwa mguu mwingine.