Kurudisha Tela Godauni la Nne

Mimi shule nilikaa mvua mbili tu, kisha baba akanitoa nikalime. Kusoma kwangu ni kwa kuuliza, na udereva wangu ni kwa kuangalia. Nilifika Nachingwea wakati wazungu wanafyeka pori wapande karanga. Nikaanza na shoka, nikahamia kwenye kupaka grisi, nikaishia kwenye usukani. Hakuna mtu anayeweza kusimama leo akasema yeye ndiye aliyenifundisha. Nalisema hilo mapema, maana ninayotaka kuyaeleza hayanipi sifa.

Kazi yangu ilikuwa kuvuta matela kati ya magodauni. Yalikuwa sita, yote ya bati, ndani ya uzio mmoja. Nakokota tela lililojaa magunia ya mbegu, naliingiza kwa kinyumenyume, naliacha, nachukua tupu. Kutoka godauni la kwanza mpaka la mwisho ungeweza kumwita mwenzako akaitika. Gia ya nne ya lori lile sikuwahi kuitia. Cheti changu kilisema uwanjani tu, na lori likitoa pua nje ya geti, askari anainua mkono. Miaka miwili nilishuka kila jioni mgongo unauma, nimeendesha kutwa nzima, na sijafika popote.

Mke wangu na watoto walikuwa Ruangwa, upande wa Nambilanje. Ruhusa ilikuwa ya Idi na ya msiba, basi. Mtoto wangu wa mwisho aliponiona alikimbilia jikoni akamwambia mama yake kuna mgeni.

Lilikuwapo lori moja lililokwenda Ruangwa mara mbili kwa wiki kuchukua mihogo mikavu na mtama wa kulisha wafanyakazi. Dereva wake alikuwa analala huko huko. Siku aliyoacha kazi akarudi kwao Tabora, mimi sikungoja hata chai. Nilimfuata msimamizi, Mzungu mmoja mwekundu wa shingo, Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Bwana, lori la Ruangwa nipe mimi."

"Hapana. Barabarani mtu nakwenda mbele. Kwenda mbele kila mtu naweza. Wewe najua kurudi nyuma."

Akacheka mwenyewe. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Lakini alisema kweli. Tela ukitaka liende kushoto, usukani unaukata kulia, na ukichelewa kidogo tu linajikunja kama kisu cha kukunja. Madereva waliojua barabara mpaka Songea walifika pale wakatoka jasho. Godauni la nne ndilo lililowashinda kabisa, mlango mwembamba, nguzo ya chuma kila upande, na ardhi inateremka. Mimi nililiingia kila siku kama mtu anayeingia chumbani kwake.

Baadaye akaletwa dereva wa pili, Myao wa Masasi, mtu mpole. Msimamizi akatuita wote wawili. Jumamosi mkubwa wake angekuja kutoka Lindi. Kila mmoja atarudisha tela godauni la nne mbele yake. Atakayefanya vizuri atabaki na matela, maana hapo ndipo mali inapoharibika. Mwingine atapewa lori la Ruangwa. Mshahara ule ule.

Nilitoka pale miguu myepesi. Kumbe njia ya kwenda nyumbani ni kukosea tu!

Mfungaji wangu wa pini, yule anayeunga tela na lori, alikuwa mtu mzima, Mngoni wa Songea, mtani wangu. Babu zake waliwakimbiza babu zangu Wamwera, kwa hiyo sisi leo tunatukanana na kula sahani moja. Mtani akikutukana hukasiriki. Ukikasirika unatozwa kuku. Nikamweleza.

"Igonge nguzo," akasema. "Si kwa nguvu. Halafu niachie mimi nikuzomee, waamini kweli kwamba Mmwera ameshindwa."

"Nizomee sana."

"Hilo huna haja ya kunifundisha."

Jumamosi watu walijaa, wapagazi, makarani, hata mafundi wa trekta. Myao alianza. Akagusa nguzo, akatoka, akarudi tena, akaingia mara ya nne. Kwa hiyo mimi nilitakiwa nigonge mara nne, niingie ya tano. Nikapanda, nikatia gia ya nyuma, nikakata usukani vibaya kwa makusudi. Tela likaanza kupinda. Nguzo naiona kwenye kioo inakuja.

Mtani wangu akapaza sauti.

"Mtazameni Mmwera! Kurudi nyuma huko anajulia wapi? Wao wanajua kukimbia tu, tena mbele, tena porini!"

Uwanja ukaangua kicheko. Nikasema moyoni, vizuri, endelea.

"Shuka, shemeji! Niletee babu yako akuelekeze, yuko bado pangoni anatuchungulia!"

Sasa karani mmoja, kijana wa pwani, ambaye si mtani wangu wala hana haki hiyo, akashika tumbo akacheka mpaka akachuchumaa. Yule mkubwa wa Lindi akauliza kitu kwa Kiingereza, msimamizi akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayetazama ng'ombe wake anakufa. Nikahisi masikio yanawaka.

Mikono hii ndiyo iliyofanya. Sikuituma. Ikanyoosha lori, ikasogea mbele hatua mbili, ikakata kulia, ikaachia, na tela likateremka lote ndani ya godauni la nne bila kugusa hata kutu ya nguzo. Pande zote mbili nafasi ya kiganja. Nikazima injini.

Wazungu wakapiga makofi. Yule karani akainuka akajikung'uta suruali, na kwa muda wa kumeza mate mara moja nilikuwa na raha kuliko mfalme.

Mtani akaja dirishani. "Umefanya nini wewe?"

"Nenda zako."

"Umekasirika! Umekasirikia utani!" Alikuwa hacheki. "Kuku wangu utanipa. Na mkeo utamwambia mwenyewe."

Jumatatu Myao alipita getini na lori la Ruangwa, na askari akampigia saluti. Alhamisi akaniletea kifurushi cha ufuta kutoka kwa mke wangu.

"Shemeji anauliza ulishindwa nini."

"Mwambie sikushindwa."

"Nimemwambia, kaka. Nimeapa kabisa. Anasema unanitumia nimdanganye."

Kijiji kizima kiliamini nimeshindwa. Nani angeelewa kwamba aliyeshinda ndiye aliyefungiwa?

Idi ilipofika niliondoka alfajiri kwa miguu, maana sikukuu lori halitembei, nikalala njiani, nikafika nyumbani siku ya pili jua limesimama. Mke wangu alinipa maji, akangoja ninywe.

"Haya, baba watoto. Niambie mwenyewe. Ulishindwa?"

"Nilishinda. Waliponiona, wazungu wenyewe walipiga makofi."

Akaitazama miguu yangu, vumbi mpaka magotini.

"Ulishinda," akasema. "Na aliyeshindwa anakuja hapa mara mbili kwa wiki, kwa gari."

Siku mbili baadaye nikashika njia kurudi kwenye uzio.