Kigelegele cha Peke Yangu Uwanjani

Jamani, leo nimekodolewa macho kwa kushangilia timu ya nyumbani!

Ninauza bisi kwenye uwanja wa hoki ya barafuni hapa Buffalo, Marekani. Timu yetu imefungwa msimu mzima mpaka imeburuza mkia. Leo mchana yule mchezaji wetu mkongwe, mwenye ndevu zenye mvi, akafunga bao.

Mimi Mrundi niliyekulia kambini Tanzania. Nikifurahi sijui kujizuia. Nikapiga kigelegele!

Watu wakageuka kunitazama.

Mteja wangu, tena kavaa jezi yetu, akanitazama kama nimetukana. Wageni waliposawazisha, akasimama kupiga makofi.

Mama Furaha, Mkongomani ninayeuza naye, akaninong'oneza: "Bon, dada, nyamaza. Wakubwa ya timu banataka kumaliza wa mwisho. Huku, timu ya mwisho njo inachaguaka ya kwanza vijana wapya wakali ya mwaka kesho."

Kumbe wachezaji wazuri waliachiwa waondoke makusudi! Na mashabiki wamekubali!

Hivi nyie mngeshangilia nini?

Maana yule mkongwe alinisikia. Alitazama juu akitafuta sauti ilikotoka, akaninyooshea fimbo yake huku anacheka.

Sijui kama yeye kuna aliyemwambia kwamba timu yake inataka kufungwa.