Uvimbe wa Babu na Tochi ya Daktari

Kwetu Ilala babu na mjukuu ni watani. Mimi namwita bibi "mke wangu", babu ananiita "mwizi wa wake", na hakuna anayenuna. Baba yangu je? Hawezi kumwambia babu hata kwamba kanzu yake ina doa. Heshima. Kwa hiyo babu alipoota uvimbe mahali pasipotajwa, wa kumwambia nikawa mimi, ambaye shuleni walimu wananitoa nje kwa kuchekesha watu.

"Mwizi wa wake, kuna kitu huku chini. Kinakua."

"Kinakua? Tukiandikishe chekechea?"

Akacheka, kisha akaacha ghafla. "Rafiki yangu alikuwa na kitu kama hiki, akakificha. Saratani. Tulimzika. Na mimi madafu nimeshaacha, lakini wapi."

Mtaani kila mtu anaamini madafu yanaleta busha. Nikaenda kumuuliza anayeyauza kwa baiskeli.

"Dogo, mimi nakunywa kila siku," akasema. "Ningekuwa nalo, ningeendesha baiskeli?"

Hapo nikapata hamu ya kujua. Kama si madafu, ni nini basi? Nikamganda babu mpaka akakubali twende kwa daktari, ila Kariakoo, kwa sababu zahanati ya Ilala nusu ya foleni ni majirani. Tulipita Msimbazi yeye akitembea kama aliyebeba yai. Machinga mmoja akamwekea jinzi kifuani: "Mzee wangu, hii inakubana vizuri!"

"Mwanangu," babu akamjibu, "kubanwa ndiyo kesi yenyewe."

Daktari alikuwa kijana. Akaamkia "Shikamoo babu", akaitikiwa, akauliza tatizo. Babu akaangalia dari. "Mjukuu, mwambie." Nikamwambia. Wakaingia nyuma ya pazia, taa ikazimwa, ikawaka tochi.

"Astaghafirullah!" nikamsikia babu.

"Dokta, umedondosha funguo?" nikauliza nikiwa upande wangu.

"Naangalia kama mwanga unapenya. Ukipenya, mara nyingi ndani ni maji. Usipopenya, kuna kitu kigumu, na hicho hatukichezei."

Fizikia yote ya mwanga niliyosoma, hakuna mwalimu aliyewahi kutaja matumizi haya! Nilitaka kusema hivyo kwa sauti. Badala yake nikajikuta nimeshika pazia.

"Umepenya?" nikauliza.

Sikuwa na utani hata mmoja mdomoni.

"Umepenya. Umewaka mwekundu."

Ni busha. Dokta akatuambia huku kwetu Pwani mara nyingi linatokana na vijidudu vinavyoletwa na mbu, madafu yanasingiziwa tu. Afanye ultrasaundi, kuhakikisha hakuna kingine kimejificha nyuma ya maji, kisha operesheni ndogo wiki ijayo. Siku hiyo aje na mtu mzima wa kumsindikiza.

"Kamwambie baba yako," babu akanituma tulipotoka nje. "Mimi siwezi."

Nikamkuta baba anaangalia taarifa ya habari. Nikamweleza yote, tochi na mbu na operesheni, nimekaa mbali kidogo na mkono wake maana sijazoea kumtajia vitu hivyo. Akapunguza sauti ya televisheni. Akaangalia mlango, kuona kama mama yupo karibu.

"Huyo daktari," akasema taratibu, "kesho anakuwepo?"

"Ila babu ameambiwa wiki ijayo."

"Sijamuulizia babu yako."