Kompyuta Iliyomkataa Umwali

Gad hakuwa mtu mbaya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: tangu aje kutoka Bukavu alikozaliwa, miaka kumi na mitatu sasa, hakuna kompyuta iliyozimika mjini Kamembe, ng'ambo ya mpaka, bila yeye kuitwa kwanza. Watu walimwita Papa Gad hata kabla hajapata mtoto. Kisha akaja Aurore, msichana wa Bukavu, akapanga meza ya pili katika kibanda kilekile cha ufundi, na wateja wakaanza kuchungulia mlangoni wakiuliza, "Aurore eko?"

Swali hilo lilimchoma Gad kila asubuhi. Aurore akicheka na mteja, Gad aliangusha bisibisi. Aurore akishukuriwa, Gad alikumbuka kwa sauti kubwa kwamba hata yeye aliwahi kushukuriwa, tena na watu wazito zaidi. Wivu ulimla hadi suruali ikamlegea kiunoni.

Jumatatu moja ushirika wa wakulima wa mpunga wa Muganza ukawaita wote wawili. Gad aweke mfumo mpya kwenye kompyuta ya ofisi, Aurore aunganishe mashine ya kuchapisha. Umwali, katibu wa ushirika, aliwaambia wazi kwamba Ijumaa kamati ingechagua fundi mmoja wa kutunza mashine zao zote. Gad aliutaka uchaguzi huo kuliko chakula.

Akaweka mfumo, akamwandikisha Umwali jina lake na neno lake la siri. Ilibaki kuizima kompyuta na kuiwasha upya, ndipo picha zije mahali pa yale maandishi meupe kwenye skrini nyeusi. Lakini kule pembeni mashine ya Aurore ilikuwa imeshaanza kutoa karatasi, na Umwali anapiga makofi. Gad hakuweza kungoja. Akiwa bado ndani ya jina la Umwali, akailazimisha skrini ifunguke kwa nguvu za msimamizi mkuu, ambaye kompyuta haimkatalii kitu. Picha zikaja.

"Muone! Miye pia nimemaliza!" akasema. Hakuna aliyempigia makofi.

Jumanne Umwali akaandika jina lake na neno la siri. Skrini ikawa nyeusi, ikapepesa, ikamrudisha palepale pa kuulizwa jina. Akajaribu mara kumi, mara kumi ikaanguka. Akampigia Gad simu.

"Papa Gad, machine inanikatala! Inafunguka kidogo, kisha inaanguka."

"Jana nani tena aliigusa? Si ule mutoto wa Bukavu?" alijibu Gad, kana kwamba yeye alizaliwa mbinguni.

Lawama hiyo ilimtoka laini, na siku nzima akajisikia mwepesi.

Jumatano akapanda pikipiki hadi Muganza, peke yake, mabega juu. Akaingia kwa jina lake mwenyewe, alilojiandikishia Jumatatu: picha zikaja bila tatizo. "Kwangu inafunguka," akajigamba. Akajaribu jina la Umwali: ikaanguka. Basi akarudi kwenye maandishi meupe, akasoma kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari. Kila mahali: imekatazwa, imekatazwa. Faili linalofungua skrini ya Umwali lilikuwa ndani ya makabrasha ya Umwali, lakini mmiliki wake alikuwa msimamizi mkuu. Umwali alipoingia, mfumo ulitaka kuandika humo kwa jina lake, ukakataliwa, ukaanguka. Na saa faili lilipoandikwa ilionekana pia: Jumatatu, saa tano kasoro dakika ishirini. Saa ya makofi.

Gad akausoma mstari huo tena. Mashine ya kuchapisha haiwezi kufanya hivyo. Nyani haoni kundule.

Dawa ilikuwa mstari mmoja tu wa amri. Akamrudishia Umwali faili lake, na skrini ikafunguka.

"Aksanti sana, Papa Gad! Sasa ilikuwa nini?"

Jina la Aurore lilikuwa ulimini, tayari. Gad akalimeza.

"Ni miye, Maman. Nilifanya mbio. Aurore hana kosa."

Umwali hakushtuka. "Ninajua. Jana nilimupigia simu nimugombeze, nikamueleza vile inaanguka. Akaniambia, 'Papa Gad ataona mwenyewe ile faili ya kufungua ni ya nani. Lakini musimuambie mbele ya batu, ni fundi muzuri.'" Akachukua kalamu. "Kamati inaningojea. Nibapelekee jina la nani?"

Gad alikunja waya wake taratibu, akaukunjua, akaukunja tena.

"Andika Aurore," akasema.

Njia nzima ya kurudi Kamembe, nyuma ya pikipiki, alitafuta kitu cha kumchukia yule msichana, akakosa. Wivu wa kazi alikuwa ameuzoea. Uliomtesa sasa ni mwingine, wa moyo wa Aurore: kama kosa lile lingekuwa lake, yeye Gad angeita ofisi nzima ije kuona.