Ziara ya Kunyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini niliagizwa nisiseme kitu. Nilikuwa bado mwanafunzi wa chuo cha kanisa huku kwetu Singida, nimevaa sketi ya buluu iliyopigwa pasi ya mkaa hadi ikakaribia kusimama yenyewe. Tulisomea ustawi wa jamii, lishe, malezi na Biblia. Asubuhi tulijifunza namna moyo wa mtu unavyobeba huzuni. Mchana tulilima shamba la chuo, maana ulikuwa wakati wa Ujamaa na hakuna msomi aliyeruhusiwa kuogopa jembe.

Mama Mkufunzi, aliyetufundisha ushauri, alikuwa na kanuni aliyoipenda kuliko zote. Aliiita ziara ya kusikiliza: mara ya kwanza unapoingia kwa mtu mwenye shida, huulizi wala hushauri. Unasalimia, unakaa, unangoja aanze mwenyewe.

"Ukimya wako uwe mlango wazi," alituambia. "Na uamuzi ni wa mhitaji, si wako."

Katibu Kata, ambaye chuo kilinipeleka kwake kwa mazoezi ya kazi, naye alikuwa na kanuni yake: kila mtu ahame. Watu walikuwa wakihamishwa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika kwenda kijiji kipya, nyumba mistari mistari kando ya barabara. Mjane mmoja, Bibi Hawa, alikuwa amekataa. Mwanawe wa pekee, Ramadhani, alikwenda Tanga kukata mkonge na hakuandika tena. Bibi alisema hatoki mpaka mwanawe arudi, asije akakuta magofu.

"Lori linakwenda kule leo mchana," Katibu aliniambia. "Tangulia ukamlainishe. Si ndiyo mnayosomea?"

Nilitembea nikiwa nimechanganyikiwa. Uamuzi ni wake, lakini lori ni la leo.

Nilimkuta Bibi Hawa uani na mke mwenzake, aliyekuwa akipepeta mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za utokako?"

"Nzuri."

Nikakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, nikanyamaza. Bibi Hawa akangoja. Ungo ukasimama.

"Umetumwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Na nani?"

"Na Katibu." Kisha nikanyamaza tena, kwa ule upole niliofundishwa, hata nikainamisha kichwa kidogo.

Kwetu, mtu anayeingia na salamu fupi, akakaa, akainama na kunyamaza, ameleta habari ya kifo. Anangoja watu wakusanyike ndipo aseme. Mimi mwenyewe ni Mnyiramba, nililijua hilo tangu utotoni. Lakini siku ile nilikuwa mwanafunzi, na mwanafunzi husahau kwao.

"Ni Ramadhani," mke mwenzake alisema. Ungo ukamtoka mikononi, mtama ukatapakaa, akapiga yowe.

"Hapana!" nikaruka. "Hakuna aliyekufa!"

"Mwacheni mtoto wa watu, anaogopa kusema," akasema jirani aliyefika mbio. Nilivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kunihurumia. Mtu akaniletea uji.

Bibi Hawa hakulia. Aliingia ndani akiburuta mguu wake mbovu, akatoka na mkeka na chungu.

"Basi lori lije," alisema. "Namngoja nani tena?"

Lori lilipofika, alikuwa wa kwanza kupanda. Katibu alinivuta kando, uso unang'aa.

"Binti, sijui umefanyaje, ila umefanya!"

"Mzee, mwanawe hajafa. Wamenielewa vibaya."

"Una habari kwamba yu hai?"

"Sina."

"Basi hujui, na mimi sijui. Mwache aende. Ukweli ataambiwa akiwa karibu na bomba na zahanati."

Nilimchukia kwa maneno hayo, na bado nusu yangu ilikubaliana naye. Kisima cha Bibi Hawa kilikuwa mbali, na ule mguu nilikuwa nimeuona. Nilisimama kando ya tairi kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha mbili kwa pamoja. Kisha nikapanda, nikamshika mkono.

"Bibi, sikuja na msiba. Chuoni tunafundishwa tukae kimya tukusikilize. Ramadhani simjui, wala sijasikia lolote juu yake."

Bibi alinigeukia.

"Kuna shule ya kufundisha watu kunyamaza?"

"Ipo, bibi."

"Na wazazi wako wamekubali?"

Dereva akacheka. Bibi hakucheka. Alishika chungu chake akasema, "Nishushe."

"Bibi, kaa!" Katibu alifoka.

"Mimi nabeba anayepanda, mzee," alisema dereva. "Anayeshuka, malizaneni."

Mke mwenzake alikwenda. Majirani walikwenda. Bibi Hawa alibaki uani na chungu chake, vumbi la lori likimshukia taratibu.

Jioni, nilipomsimulia, Mama Mkufunzi aliniuliza, "Uamuzi ulikuwa wa nani?"

"Wake, Mama. Kupanda na kushuka. Lakini yote mawili yalitoka kwangu."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nenda kale," alisema.

Mvua zilipokwisha, Bibi Hawa alikuja kijijini mwenyewe, kwa miguu, chungu kichwani. Nilimuuliza kilichombadilisha.

"Nimechoka kungoja peke yangu," alisema. "Nitangojea huku."

Baadaye nilipelekwa Mitundu, kisha Iramba, chini ya Maafisa Ustawi wa kila aina, wapole na wakali. Sasa nimestaafu, naishi Utemini, hapa Singida mjini, na vijana waliosomea kazi hii huja kunisalimu. Nawaambia: ukiingia kwa mtu, sema kwanza kwamba hujaleta msiba, ndipo unyamaze. Zaidi ya hapo sina uhakika. Kama siku ile nilimsaidia Bibi Hawa, au nilimwongezea masika nzima ya upweke, nimelipima hilo hadi nywele zimeniisha rangi, na sijui.

Nilihama kabla ya kusikia kama Ramadhani alirudi. Mara ya mwisho nilimwona bibi amekaa mlangoni pa nyumba yake mpya, uso kauelekeza barabarani. Kando yake walikaa mke mwenzake na jirani mmoja, wakitazama upande ule ule, ingawa wao hawakuwa na mtoto safarini.